Jimny milango mitatu au mitano, ipi inafaa kwa njia za Lushoto?

Nyanyachungu:
Wakuu habari za muda huu. Nimejichanga mdogo mdogo nataka kuagiza Suzuki Jimny, ile ya umbo jipya iliyoanza 2018, sasa nimekwama kwenye milango. Kuna Sierra ya milango mitatu (ukihesabu na wa buti) na kuna hii ndefu ya mitano iliyotoka juzi juzi. Naishi Dar ila nikipata upenyo tu napanda kwetu Lushoto, na kwetu siyo pale mjini, ni ndani huko njia ya Mlalo, lami ikishaisha na mvua ikapiga ule udongo mwekundu unageuka sabuni kabisa, upande mmoja mlima upande mwingine bonde. Nina mke, mtoto wa miaka 5, na bi mkubwa yuko kijijini magoti yanamsumbua, nikienda lazima nimpeleke kliniki. Na kurudi huwa sirudi mikono mitupu, ni viazi, karoti, msimu wa plamu ndo usiseme.

Jamaa wa yadi moja kanambia ile ya mitano ni "ya mashosti wa mjini" wameiharibu, porini haiendi. Mwingine kasema ya mitatu ni ya mtu asiye na familia. Waliowahi kuziendesha zote mbili mnisaidie, na tusiende kwenye mambo ya "nunua Prado", hela ya Prado sina.

DerevaWaMlimani:
Mkuu acha kuhesabu milango, angalia umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. Ya mitatu ni milimita 2250, ya mitano 2590. Wameongeza sentimita 34 hapo katikati, na tofauti zote utakazosikia zinaanzia hapo, kwa sababu vitu vingine ni vilevile: injini ya 1.5 nguvu za farasi 102, gia tano za mkono au auto ya gia nne, chasisi ya ngazi (fremu ya chuma chini ya bodi), difu ngumu (ekseli moja nzima kutoka tairi hadi tairi) mbele na nyuma kwenye springi za koili, kirungu chako cha 4H na 4L (foo wili ya kawaida na ile ya taratibu yenye nguvu) kipo, na tumbo liko juu milimita 210 kwa zote mbili. Kwahiyo huyo anayesema ya mitano ni ya mjini muulize ni kipi kimetolewa, hana jibu.

Sasa hizo sentimita 34 zinakula wapi? Zinakula ukivuka tuta au jiwe katikati ya njia. Ya mitatu unaweza kuvuka kitu chenye mwinuko wa nyuzi 28 tumbo lisiguse, ya mitano ni nyuzi 24. Mwinuko wa kuanza kupanda bila bampa la mbele kugusa ni nyuzi 37 kwa 36, yaani sawa tu. Kwenye kugeuza ndo utaiona, fupi inazunguka ndani ya nusu kipenyo cha mita 4.9 na ndefu inataka 5.7, kwenye zile kona za kwenu zilizokunjika ukikutana na Fuso inateremka na mbao inabidi urudi nyuma utafute pa kujibanza, hapo fupi ni raha.

Lakini kuna upande ambao watu hawausemi. Fupi kwenye utelezi mkia unakimbia haraka sana. Ukikanyaga mafuta kidogo kwenye kona ya udongo tairi za nyuma zinatangulia, na kwa sababu gari ni fupi hupati muda wa kurekebisha, ushageuka unaangalia ulikotoka. Ndefu inakuonya kwanza, inaanza kuserereka taratibu unaikamata. Na kwenye mlima mkali fupi pua inakuwa nyepesi, usukani unahisi hauna kitu, ndefu inabaki imeshika chini. Mimi kwa njia yenye bonde pembeni ningechukua ndefu, nyuzi nne za tumbo nitazilipa kwa kushuka nikapanga mawe.

shangazi_T:
Mwanangu mimi nina hiyo ya mitatu naipenda hadi kesho lakini kwa habari ya bi mkubwa wako nakwambia usijaribu. Kuingia nyuma ni mpaka kiti cha mbele kikunjwe, mtu ainame, apitishe mguu, ashike pa kushika, mama mkwe wangu tulimwingiza siku moja kwa kusukumana mpaka majirani wakatoka nje kuangalia, na kutoka ikawa kazi zaidi. Utasema atakaa mbele, sawa, basi mke na mtoto wapite huko nyuma kila safari, na vioo vya pembeni huko nyuma havifunguki hata kidogo, AC ikizingua kwenye joto la Segera mtoto anatapika.

Buti lenyewe viti vikiwa vimesimama ni lita 85, ndo kusema begi moja na mwavuli. Ya mitano wanasema lita 208, siyo kubwa nayo usidanganyike, ila begi mbili na kreti la soda vinaingia. Kitu kimoja nitakitetea kwenye ya kwangu: tukiwa wawili mimi na mzee, viti vya nyuma vinalala bapa kabisa, sakafu imenyooka na ni plastiki, nafuta matope na kitambaa nimemaliza. Kwenye ya mitano viti vya nyuma wamevinenepesha ili watu wakae vizuri, ukivilaza vinabaki na kigongo. Kwahiyo mwenye mizigo bila watu achukue fupi, mwenye watu achukue ndefu. Na zote ni viti vinne tu jamani, msije mkaona milango mingi mkadhani wanakaa watano.

Nyanyachungu:
Shangazi shikamoo, nimecheka ila nimekuelewa 😂 Sasa viazi je, si naweza kuweka keria juu?

FundiChasisi:
Keria weka lakini siyo ya lumbesa. Kiwanda kinaruhusu kilo 30 tu juu ya paa, na hii gari ni nyembamba na ndefu kwenda juu, ukiipandishia gunia unahamishia uzito wote kichwani, kile kilima cha Soni kushuka na zile kona utakuja kujua. Mzigo ukae ndani, chini, karibu na mgongo wa viti. Kumbuka pia ya mitano yenyewe imeongezeka karibu kilo mia kuliko fupi na injini ni ile ile, kwahiyo ukiijaza watu wanne na viazi utaisikia inalalamika. Chukua ya gia za mkono. Ile auto ya gia nne kwenye mlima inarukaruka kati ya pili na tatu haijui ikae wapi.

Halafu mtu asikushawishi ile Jimny ndogo ya 660 cc eti ushuru wake ni nafuu. Ni kweli injini isiyozidi cc 1000 haichajiwi ushuru wa bidhaa, lakini ina farasi 64, upana milimita 1475 wakati hii ya 1.5 ina 1645, na haina toleo la milango mitano. Kwa Dar mjini ni nzuri sana. Kwa bi mkubwa, mke, mtoto na Lushoto, hapana.

Mbuyu Mnene:
Mnamzungusha bure. Mkuu chukua Suzuki Escudo ya 2005 kuendelea ya milango mitano, watu watano wanakaa kikwelikweli, ina foo wili ya muda wote, ina loki ya difu ya katikati (tairi za mbele na za nyuma zinavuta sawa) na ina 4L. Hela inabaki ya kujengea.

FundiChasisi:
@Mbuyu Mnene Escudo naiheshimu nimezitengeneza nyingi, tena lami inakaa vizuri kuliko Jimny yoyote ile maana ina saspensheni huru kila tairi. Ila ya 2005 leo ukiipitisha bandarini kodi ya uchakavu inakusubiri, na kiu ya ile 2.0 kupanda mlima siyo ya mchezo. Na kwenye makorongo tairi moja ikining'inia unaanza kuomba Mungu, wakati Jimny difu ngumu inasukuma tairi chini, na hizi za 2018 zina mfumo unaokamata breki ya tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenzake. Kama njia yake ingeishia Lushoto mjini ningekuunga mkono.

Mwendo254:
Maze niko Nairobi, hapa kwetu gari ikishapita miaka nane hairuhusiwi kuingia so hizo Escudo za zamani tulisahau kitambo. Boss nimeendesha zote mbili, ya kwangu ni fupi na ya broo ni ndefu, na venye mnaongea matope mmesahau barabara kuu, na huyu jamaa ana zaidi ya kilomita 300 za lami kabla afike hiyo matope yake. Fupi kwa haiwei inachosha. Lori ikikupita ama upepo wa pale Escarpment ukikugonga gari inahama, unashika usukani na mikono mbili safari yote. Ndefu imetulia kiasi, si ati ni ya kifahari, kelele ni ile ile na nguvu ya ku-overteki ni ile ile, lakini unafika na shingo iko sawa. Tangi ni lita 40 kwa zote so usipite stesheni ukijiambia utajaza mbele.

Pia ujue unaitoa wapi. Ndefu inaundwa India tu, huko Gurugram, walionyesha mara ya kwanza Januari 2023, na hata zile Wajapani wenyewe wanauziwa kwa jina la Nomade zinatoka India kwa meli. Walipoizindua Januari 2025 Suzuki walikuwa wamepanga 1,200 kwa mwezi, wakapokea oda kama 50,000 kwa siku chache wakafunga kitabu. So kuitafuta mnada wa Japani utapata ni chache na bei iko juu. Fupi ziko tele huko, za 2018, 2019, unachagua rangi.

Nyanyachungu:
Aisee hapo kwenye bei ndo panauma. Ila kwa maelezo ya Derevawamlimani na shangazi nimeshaegemea ndefu, gia za mkono, hata kama nitasubiri miezi kadhaa nijazie hela. Mke nimemwonyesha hii mada amesoma komenti ya mama mkwe akasema mjadala umefungwa. Swali la mwisho kwa fundi, tairi zinazokuja nazo zinatosha kwa ule udongo au nibadili kabla sijapanda?

FundiChasisi:
Zinakuja 195/80 R15 za lami lami, kwa kiangazi hazina shida. Kwa masika tafuta 215/75 R15 za meno, zinaingia bila kunyanyua gari wala kukata bampa. Usiende zaidi ya hapo, hiyo injini haina nguvu ya kuzungusha matairi makubwa. Ukishaanza kupiga matope fundi awe anakagua bearingi za nako (kiungo ambacho tairi la mbele linageukia) kule mbele kila sevisi, kwenye hizi za difu ngumu zikichoka usukani unaanza kutikisika ukifika 70 au 80, na mafundi wengi wanakimbilia kubalansi matairi wakati ugonjwa hauko huko.

shangazi_T:
Na ununue zulia za mpira za nyuma, hiyo ya mitano nyuma wameweka kapeti.