QO-100 au setelaiti za kupita: aliyeko Mwanza aanze na ipi?

jiwe_la_igoma: Wadau wa redio za ridhaa, habari za jioni. Leseni ya TCRA ipo, bajeti ni ya njia moja tu: antena ya Yagi ya mkononi kwa ISS (kituo cha anga cha kimataifa) na setelaiti nyingine za mzunguko wa chini, au dishi la QO-100, mtambo wa redio za ridhaa ulio kwenye setelaiti isiyohama angani. Nyumba iko Igoma, mawe pande tatu. Lengo ni kuongea na Ulaya.

sangara73: Mawe yameshakujibu, ndugu. ISS inapita dakika kumi hivi, na nyingi kati ya hizo iko chini, nyuma ya hayo mawe. Unatuma 145.990 MHz kwa toni ya 67 Hz. Kupokea unaanza 437.810 inapochomoza, unashuka kwa hatua za 5 kHz hadi 437.790 inapozama, maana mwendo wake unavuta masafa. Mnaoweza kuiona kwa pamoja hamzidi kama kilomita 4,400 kati yenu, na London ni zaidi ya 6,000. QO-100 imo ndani ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018. Imetulia 25.9° Mashariki, na inafika Brazil hadi Thailand.

nyamagana_rf: Sawa, ila mwambieni na gharama. Radio call ya bendi mbili na Yagi ya kukata kwenye futi ya chuma ni pesa ndogo. QO-100 kupokea ni rahisi, pesa inaliwa kwenye kutuma. Mkuu, kabla hujanunua chochote, isikilize bure kupitia kipokezi cha mtandaoni cha Goonhilly, Uingereza.

fundi_dishi: Kwa Mwanza hesabu ni hii: mwinuko nyuzi 81, mwelekeo nyuzi 290 kutoka kaskazini halisi, yaani kati ya Kigali na Bukoba. Dishi linatazama karibu utosini, kwa hiyo mawe na miembe havikusumbui. Fundi wa DStv mjini anaijua hali hiyo, 36° Mashariki nayo iko juu hivyohivyo. Wa Azam amezoea mwinuko kama 59, msimamie.

Breketi nyingi haziendi hadi 81. Usilazimishe bolti. Chomelea bomba liegemee nyuma nyuzi 30, kichwa chake kielekee nyuzi 110, halafu breketi uiweke 51. Kwenye jiwe huchimbi, unatoboa na kufunga rawal bolti. Chukua dishi la sentimita 80 au 90 la LNB (kile kichwa cha kupokelea mbele ya dishi) ya pembeni. Lile la LNB ya katikati litalala kama sinia na kujaa maji, labda ulitoboe tundu chini.

LNB iwe ya PLL, yaani yenye saketi ya kushikilia masafa. Za zamani zinahama masafa jua likizipiga mpaka sauti inapotea. Hata ya PLL huhama kidogo, rekebisha kwa bikoni, ile ishara ya kudumu ya setelaiti, ya 10489.750 MHz, ambayo kwenye SDR (kipokezi cha kompyuta) utaikuta 739.750. Usiwashe toni ya 22 kHz.

jiwe_la_igoma: (siku nne baadaye) Dishi limesimama. LNB imefungwa wima, volti 13, bikoni inasikika kwa mbali sana. Dishi halijakaa?

fundi_dishi: Dishi limekaa, LNB ndiyo haijakaa. Wima ya setelaiti ni kaskazini-kusini. Wewe uko karibu chini yake na unaitazama kwa magharibi, kwa hiyo kwako imelala karibu nyuzi 70. Hapo unapoteza kama dB 9. Zungusha LNB taratibu ukiangalia bikoni. Au usiguse kitu, peleka volti 18 badala ya 13: itachukua ule upande wa pili, wa mlalo, na hasara itabaki kama nusu dB. Umeme wa USB wa SDR, volti 4.5, hauiwashi LNB. Weka kipitisha umeme cha pembeni.

nyamagana_rf: Hiyo ya volti 18 haimo kwenye maelekezo ya Wazungu, kwao LNB inapinda kidogo tu 😀

sangara73: Kutuma sasa. Kwenye masafa unayosikia, toa 8089.5 MHz, ndipo unapotuma: 10489.800 inakuwa 2400.300. Sauti ya USB tu (upande wa juu wa masafa, si ile waya ya kompyuta), upana usizidi 2.7 kHz, FM marufuku. Wati 5 na dishi lako vinatosha, ila amplifaya ikae dishini. Mita kumi za waya wa RG-58 kwenye 2.4 GHz zinakula kama dB 10, wati 5 zinafika nusu wati. Setelaiti inataka mawimbi yanayozunguka kulia, na dishi linaugeuza mzunguko huo, kwa hiyo helix (antena ya umbo la springi) ya mbele ya dishi isukwe ya kushoto. Watu wengi huisuka kulia halafu wanalaumu amplifaya.

nyamagana_rf: Na usiizidi bikoni kwa nguvu, king'ora cha LEILA (mfumo wa kuwaonya wanaotuma kwa nguvu mno) kitakulilia juu ya sauti yako. Mvua kubwa ya ziwani alfajiri ikizima mapokezi ya 10 GHz, usiongeze wati. Hujisikii wewe, ila wenzako wanakusikia vizuri tu.

jiwe_la_igoma: Volti 18 imejibu. Bikoni imejaa.