Tupeane uzoefu: zahanati ya kwenu pesa ikichelewa huwa mnafanyaje?

#1
Wakuu habarini. Shemeji yangu yuko kijijini, mimba ya miezi nane, juzi kliniki kapewa orodha ya vitu vya kwenda navyo kujifungua: glovsi, pamba, viwembe, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu. Nikaja juu maana sera inasema mjamzito ni bure, nikaenda mwenyewe, nesi wala hakubishana, akanifungulia stoo nikaona rafu tupu. Tangu 2001 pale Abuja serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, sasa kwenye rafu ile imefika nini? Semeni yaliyowakuta, kituo msitaje.

#2
Pole sana mkuu. Mimi ni nesi wa zahanati. Tangu 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa afya, ule wa serikali na wafadhili, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, kwa kweli ilitusaidia, zamani ilikuwa unasubiri halmashauri mpaka unachoka. Shida ni pesa ya robo mwaka ikichelewa. Kuna mwaka mtungi wa gesi wa friji la chanjo uliisha na akaunti haina kitu, nikapakia chanjo kwenye kibebeo nikapanda boda mpaka kituo cha afya, nauli yangu, kesho yake siku ya kliniki wamama wametembea toka alfajiri na watoto mgongoni nawaambia rudini wiki ijayo. Wawili hawakurudi. Mpaka leo nawakumbuka wale watoto.

#3
Mimi nilikata CHF, ile bima ya afya ya jamii, 30,000 kaya nzima watu sita. Mwanangu akashikwa na malaria, kipimo kipo, dawa mseto hakuna, nikaenda kununua duka la nje usiku. Mwaka uliofuata sikulipa, na majirani zangu wengi hawakulipa. Nikikaa nikifikiria naona na sisi tumezidi kukausha kile kile kituo, ila wewe ungelipa?

#4
Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo. Robo moja pesa iliwahi tukaweka sola chumba cha kujifungulia, kabla ya hapo mkunga alikuwa anashikiwa tochi ya simu na ndugu wa mgonjwa. Pesa yenyewe wala haikuwa kubwa jamani, iliwahi tu.

#5
Nilikuwa CTC, kliniki ya wenye VVU, kwa mkataba wa mradi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliambiwa tubaki nyumbani, kitengo cha watu wanne akabaki mmoja, wa halmashauri. Wateja wangu bado wananipigia kuuliza dawa na sina cha kuwajibu. Mishahara ile ilitakiwa iwe kwenye bajeti yetu wenyewe toka zamani.

#1
Asanteni wakuu. #4 nisaidie, mwananchi wa kawaida anajuaje kituo kimepokea shilingi ngapi?

#4
Nenda kwa mganga mfawidhi au mwenyekiti wa kamati uulize, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji dai isomwe, mapato na matumizi. Sisi tunabandika ukutani kila robo. Na shemeji akijifungua tuambie.