Natibiwa thairoidi, sasa viungo ndio vinaniua. Nifanyeje?

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, nimechoka.

Nina miaka 34. Miezi miwili iliyopita niligundulika na tatizo la tezi ya thairoidi nikaanzishiwa dawa. Moyo umeacha kwenda mbio, usingizi umerudi, mikono haitetemeki tena. Nikajua yameisha. Kumbe! Wiki ya tano magoti yakaanza, mara kifundo cha mkono, mara vidole. Na maumivu hayakai mahali pamoja: leo goti la kushoto, kesho bega la kulia, kama yanacheza kombolela. Leo asubuhi nimeshindwa kufunga vifungo vya blauzi. Mwanangu wa miaka sita ndiye kanifunga, tena kakosea tundu la kwanza, vyote vikaenda upande.

Nanunua dawa za maumivu mwenyewe, zinanishikilia saa chache tu. Hii ni thairoidi yenyewe, ni dawa, au ndio uzee?

Kobe Mwendo: Pole sana dada. Mimi natumia levothairoksini mwaka wa nne. Mwanzoni viungo viliuma na vidole vilikufa ganzi usiku. Nilikuwa nameza kidonge na kahawa, pamoja na kalsiamu, yaani dawa yote nikawa naipoteza. Nesi ndiye aliyenigundua. Sasa nameza na maji matupu, nakaa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kalsiamu baada ya masaa manne. Vumilia, dozi ikikaa sawa yataisha.

Msoma Mistari: Mkuu, umesoma uzi au umepita tu? Moyo mbio, mikono kutetemeka: tezi yake inazidisha homoni, yako inapunguza. Dawa ni tofauti kabisa: wewe unaongezewa homoni, yeye anapunguziwa. Dada, dawa yako inaitwaje?

Mwenye uzi: Kabimazoli, miligramu 20 kwa siku.

Kijiko cha Dawa: Nipo kwenye famasi miaka mingi. Dada, nisome taratibu.

Maumivu ya viungo ni madhara yanayojulikana ya kabimazoli, na mara nyingi hujitokeza wiki za mwanzo, kama ulivyoeleza. Kwa wengine ni kidogo tu. Lakini yakihamahama namna hiyo hadi vifungo vikushinde, usisubiri tarehe yako ya kliniki. Huenda pia homoni zimeshuka kwa kasi na misuli inalalamika, au dozi imezidi na tezi sasa imelala. Na ikiwa tatizo lako ni Graves, yaani ugonjwa wa kinga ya mwili kuishambulia tezi, kinga hiyo inaweza kushambulia viungo pia, ukapata baridi yabisi. Kwa maneno tu hatuwezi kutofautisha. Omba wapime homoni yenyewe ya tezi, T4, wasiishie kwenye TSH, ile ya kichwani inayoiamrisha tezi, maana TSH huweza kubaki chini kwa miezi hata baada ya homoni kutulia.

Sasa kinachonitia wasiwasi ni hizo dawa za maumivu. Kabimazoli kwa watu wachache hushusha seli nyeupe za damu ghafla. Dalili yake ni homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Dawa za maumivu zinashusha homa, kwa hiyo unaweza kuwa unaificha mwenyewe. Ukiona lolote kati ya hayo, usimeze kabimazoli tena, nenda siku hiyohiyo upimwe damu. Kama ni viungo peke yake, usiiache kimyakimya, moyo utarudi kule kule. Wapigie simu leo.

Tiba Asilia Tu: Tumia vidonge vya mwani, vinasafisha tezi.

Msoma Mistari: Mwani umejaa iodini, na iodini ndiyo malighafi ya hizo homoni. Unampelekea kuni mwenye nyumba inayoungua.

Kobe Mwendo: Nimekubali kosa langu. Dada, usinisikilize mimi, msikilize Kijiko.

Mwenye uzi: Mrejesho, siku ya tisa leo. Nilipiga simu, nikaambiwa nije kesho yake. Kweli koo lilikuwa linawasha na sikulitilia maanani. Namshukuru Mungu, seli nyeupe ziko salama. Daktari kasimamisha kabimazoli, kanipa propranololi ya kutuliza moyo. Hataki kunibadilishia kidonge kingine cha jamii hiyo, kasema viungo vinaweza kunirudia. Vidole vimelegea, magoti bado kidogo.

Sasa kaniwekea mezani mawili: upasuaji wa tezi au iodini ya mionzi, ile inayoua seli za tezi. Naogopa kisu, ila hiyo ya pili nimeambiwa nitakaa mbali na watoto kwa muda, na huyu wangu bado anapanda kitandani kwangu usiku. Kuna mama humu aliyeipitia? Ulimwelezaje mtoto?