Jetski ilikuwa inaruka Mombasa, hapa Goma inakosa nguvu: nianzie wapi?

Kijana wa Himbi:
Wakubwa, salamu. Nimenunua jetski (pikipiki ya majini) ya mkono wa pili, imetoka Mombasa kwa lori. Ni zile za zamani za kuchanganya oili na esansi, silinda mbili, karburateri mbili. Kuwaka inawaka, na polepole inatembea bila shida. Nikivuta gesi hadi mwisho ndipo inakabwa: inanguruma nzito, moshi mwingi, mshale wa mizunguko unagota kwenye 5900. Muuzaji alinitumia video baharini ikipita 6700. Garaji moja hapa mjini wamesema moteri imekufa, ninunue pistoni. Kabla sijatoa hizo dola, mnaonaje?

Mtoto wa Kituku:
Hiyo ni gazi ya ziwa, ndugu. Methane inachanganyika na hewa, moteri inakosa pumzi.

Fundi Moteri:
Tuache gazi mahali pake. Methane ya Kivu imeyeyuka ndani ya maji, na nyingi iko chini ya mita 260. Ndiyo maana KivuWatt, ile mitambo ya umeme wa gazi kule Rwanda, wanateremsha mabomba kuifuata. Hata mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, hukaa kwenye mashimo ya nchi kavu, si juu ya maji yenye upepo.

Kijana, umetaja jambo kubwa: mizunguko haipandi. Ingepanda hadi juu na jetski isisukume, ningekutuma kwenye pampu, ukague kama elisi (ile feni inayosukuma maji) imeliwa na mawe ya lava au ile pete inayoizunguka imechakaa. Kwako moteri yenyewe ndiyo inashindwa.

Fungua buji (plagi) zote mbili, nyaya zake uzigusishe kwenye chuma cha moteri (zikiachwa hewani zinaweza kuunguza sanduku la umeme), vuta gesi hadi mwisho, kisha zungusha moteri kwa stata upime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda. Siku nyingine ukiwa majini, kimbiza kwa gesi yote, zima ghafla kwa ile kamba ya mkononi bila kurudi polepole, toa buji uangalie rangi. Ukirudi taratibu kabla ya kuzima, rangi utakayoona ni ya mwendo wa polepole, haitakwambia kitu. Na kila mara fungua kiti kwanza mvuke wa esansi utoke, ndipo uwashe.

Dada wa Ibanda:
Mimi niko Bukavu. Huku kwetu ukiona inanguruma bila kusonga, ni mfuko wa plastiki umenaswa kwenye pampu. Upande wa kutokea mto Ruzizi takataka ni nyingi mno. Lakini kwa shida yako ningeuliza kwanza esansi unanunua wapi. Kama ni kwa kadhafi, wale wauza esansi wa barabarani, weka kidogo kwenye chupa nyeupe ilale usiku kucha: maji yatajitenga chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi, kabla hujaweka oili. Esansi safi inakauka na kupotea. Ikibaki doa la mafuta, wamekuchanganyia petroli ya taa.

Kijana wa Himbi:
Asante dada, esansi ni safi, doa hakuna. Kompresheni: silinda ya mbele 125, ya nyuma 122. Buji zote nyeusi na zimelowa. Tatizo, muuzaji aliniandikia 150! Amenidanganya?

Fundi Moteri:
Hapana, hajakudanganya. Bahari iko mita sifuri, Kivu iko karibu mita 1460. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na geji inapima hewa hiyohiyo. 150 ya Mombasa ikipanda huku inasoma kama 125. Silinda zako zinalingana vizuri, pistoni waachie wenyewe garaji.

Hewa hiyo nyepesi ndiyo inakusumbua. Mama zetu wanajua maharage ya Goma yanachelewa kuiva kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Karburateri yako nayo bado inapima esansi ya baharini, hewa haitoshi kuichoma yote, ndiyo unaona buji nyeusi na moshi. Badilisha jigleri kubwa (kile kitundu cha karburateri kinachopitisha esansi ukivuta gesi yote), weka yenye tundu dogo kwa hatua moja, karburateri zote mbili sawa. Rudi majini, angalia buji tena. Unatafuta rangi ya kahawia. Ukiona nyeupe, simama hapohapo: esansi imekuwa kidogo mno na pistoni itatoboka kweli.

Nguvu yote ya Mombasa hutaipata, hewa haipo. Mizunguko ikibaki chini, tafuta elisi yenye mlalo mdogo, inayosukuma maji kidogo kwa kila mzunguko, itamwachia moteri apumue.

Kijana wa Himbi:
Nimeshuka hatua moja: moshi umepungua, mshale unafika 6300. Buji bado nyeusi kidogo. Swali la mwisho: mwezi ujao kuna sherehe Uvira, nataka kuipeleka. Nibadilishe kitu?

Fundi Moteri:
Shuka hatua nyingine moja, upime. Lakini jigleri za zamani usizitupe. Tanganyika iko kwenye mita 770 hivi, hewa ni nzito kuliko yetu. Ukifika Uvira na jigleri za Goma, rudisha kubwa kidogo kabla ya kugusa maji, tena uanze na kubwa kuliko unavyodhani. Buji nyeusi inasafishwa. Pistoni iliyotoboka utaisubiri kutoka Dar.