Je, serikali yaweza kufuatilia simu zetu bila kibali?

Swali (Kisauni): Ndugu zangu, je, hapa Mombasa maafisa wa usalama wanaruhusiwa kufuatilia simu ya mwananchi bila idhini ya mahakama?

Jibu (Likoni): Ndugu yangu, simu iliyowashwa huwasiliana na minara iliyo karibu, kwa hivyo kampuni ya mawasiliano huweza kujua ulipo hata usipompigia mtu. Hata hivyo, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, na sheria ya mwaka 2012 inawataka majasusi waombe kibali cha jaji wa Mahakama Kuu.

Jibu (Mji wa Kale): Ni kweli, lakini kibali hicho huombwa bila mhusika kujulishwa, naye atapingaje asichokijua? Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.