Slack, Teams au tubaki tu WhatsApp? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa

Mzigo_Kurasini
Wakuu habari za jioni. Ofisini kwetu kila kitu kinapita WhatsApp, magrupu yamefika 14 na mengine hata sikumbuki yalifunguliwa kwa ajili gani. Wiki iliyopita kontena limelala bandarini siku mbili za ziada kwa sababu DO (hati ya kuruhusu kontena litoke) ilitumwa kwenye grupu ikafunikwa na stika za asubuhi njema na video ya mahubiri, hakuna aliyeiona, storeji (tozo ya mzigo kukaa bandarini) ikaanza kusoma. Bosi kawaka, kasema hadi Ijumaa nimwambie tunahamia wapi. Nimesikia kuna programu za kuchati kazini, Slack, Microsoft Teams na Google Chat. Aliyetumia aseme ipi nzuri.

FundiSeva
Mkuu umeuliza kama mtu anayetaka kununua gari alafu hasemi kwao ni lami au tope. Mko wangapi? Imeili za kampuni ziko kwa nani? Watu wako wanakaa kwenye kompyuta au wako na simu barabarani? Bajeti je?

Bint_Mwembeladu
Teams, funga mjadala. Kama mnalipia Word na Excel za Microsoft basi huenda Teams mnayo tayari, mnalipia kitu hamkitumii. Kile kifurushi chao kidogo cha biashara mara ya mwisho nalipia kilikua dola 6 kwa kichwa kwa mwezi, unapata imeili, nafasi ya kuhifadhi faili, mikutano, yote humo.

Chuma_Cha_Pua
Teams kwenye Tecno ya RAM ya 2 dada? Ukiifungua unaweza kwenda kuswali ukarudi bado inazunguka.

Bint_Mwembeladu
Sasa hilo kosa la Teams au la simu 😂

kijana_wa_upanga
Tumieni Workplace ya Facebook, imekaa kama Facebook kabisa, hakuna haja ya kumfundisha mtu.

FundiSeva
@kijana_wa_upanga unamhamishia mwenzio nyumba iliyokwisha wekwa alama ya X. Meta, wenye Facebook, walitangaza tangu Mei 2024 kwamba wanaifunga.

Boda_ya_Namanga
Sisi huku Nairobi tulienda Telegram, juu ni ya bure na faili kubwa zinaingia bila shida. Novemba 2023 mtihani wa KCSE (wa kumaliza sekondari Kenya) ukafika, Telegram ikaanza kugoma, 2024 tena wakaifunga wakisema watu wanauza mitihani humo. Sasa sisi tunauza vipuri, mtihani wa kemia unatuhusu nini? Tulirudi WhatsApp siku hiyo hiyo.

MzeeWaStoo
Vijana mnabishania programu, ngoja niwape kisa. Nilikua kampuni moja ya malori, siitaji, madereva na ofisi wote tuko grupu moja na aliyelifungua ni kijana wa operesheni kwa laini yake mwenyewe, mchapakazi kweli, tena admini ni yeye peke yake, wala hakuna aliyewahi kuona ni tatizo kwa sababu kazi zinaenda. Siku akakorofishana na mkurugenzi mambo ya posho, akaondoka saa kumi jioni, usiku tunaona tu anatoa mtu mmoja mmoja mpaka grupu likabaki yeye na madereva wawili waliokua wamezima simu. Malori matano yako njiani Tunduma, asubuhi hakuna anayejua nani kapata mafuta wapi, mimi ndo nalikua naulizwa na sina hata namba za madereva maana zote nilikua nazisoma mule mule grupuni. Hilo tulilimaliza. Baada ya miezi mitatu mteja akaja kukana kapokea mzigo, POD (karatasi za kuthibitisha mzigo umepokelewa) zilipigwa picha zikatumwa wapi? Kwenye grupu. Simu za madereva wengine zimejaa walishafuta picha, mmoja simu ilitumbukia ziwani, basi tukalipa. Kwahiyo kwangu mimi swali sio Slack au Teams, nataka nijue siku ukimfukuza mtu nani anabaki na funguo.

Chuma_Cha_Pua
Mzee simu ilitumbukia ziwani kweli au iliuzwa?

MzeeWaStoo
Mwanangu mimi nilipewa maelezo hayo, sikuzamia kuhakiki.

Mzigo_Kurasini
Samahani wakuu nilikua kazini. Tuko 43. Madereva 19, Tunduma wako 4, waliobaki 20 ni ofisi hapa Dar. Imeili ziko kwenye hosting ya bei chee hazina uhusiano na Google wala Microsoft. Bajeti bosi hajataja ila akisikia dola anakunja uso. Na yeye anapenda voisi, hawezi kuandika, anatuma za dakika saba.

FundiSeva
Sasa ndo umeongea. Watu 43 mara dola 6 ni 258 kila mwezi. Slack ya kulipia ni dola 7 na senti ukilipa mwaka mzima, hapo umevuka 300. Kumlipia dereva ambaye kazi yake ni kusema "nimefika Makambako" hakuna maana. Lipieni 24.

Zena_Deklareshen
Nami niko klaringi, kazi ya kutoa mizigo forodhani. Slack ya bure msiiguse kwa kazi yetu, meseji zikipita siku 90 huzioni tena na zikifika mwaka wanazifuta moja kwa moja. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inawapa watu wa forodha miaka 5 kukurudia wakitaka nyaraka. Utawaambia meseji ya mteja kuthibitisha thamani ya mzigo ilikua Slack? Alafu kingine, mnatumiana pasipoti na TIN za wateja kwenye grupu lenye watu walioacha kazi, tangu sheria ya taarifa binafsi ya 2022 hilo ni kujitafutia kesi.

Bint_Mwembeladu
Hapo Zena umesema kweli. Ila nyaraka mahali pake ni kwenye folda, sio kwenye chati yoyote ile.

Zena_Deklareshen
Kwenye karatasi iko hivo. Uhalisia ni kwamba "sawa endelea" ya mteja inabaki kwenye chati.

FundiSeva
Ndo maana mimi nasema Zulip. Programu ya kuchati ya chanzo huria, unaweka kwenye seva yako, programu yenyewe hulipii kwa kichwa, na mazungumzo ya chaneli yanapangwa kwa mada. Fikiria kila mteja ana chaneli yake na kila BL (hati ya shehena ya meli) ni mada, miaka mitatu baadae unaandika namba ya BL unasoma habari yote toka meli inatia nanga mpaka geti pasi. Hapo DO haifunikwi na stika. Mattermost nayo, ya aina hiyo hiyo, inawezekana. Na 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini nchi nzima inalia, sisi ndani ya ofisi tulikua tunachati kama kawaida maana seva iko chumba cha pili.

Chuma_Cha_Pua
Na umeme ukikatika?

FundiSeva
Kuna inveta.

Chuma_Cha_Pua
Na wewe ukiacha kazi? Si ndo yule kijana wa operesheni wa mzee, ila huyu ana seva kabisa.

MzeeWaStoo
😂😂 Hapo kapigwa.

FundiSeva
Nenosiri kuu la seva liko kwenye bahasha kwa mhasibu, na bekapu inatoka kila usiku. Mnadhani mnaongea na mtoto.

Boda_ya_Namanga
Lakini dereva akiwa Tunduma ataonaje seva iliyo kwa chumba cha pili huko Dar na mtandao umekatika?

FundiSeva
Hao wabaki WhatsApp, kwa laini ya kampuni, sio ya mtu. Tena dereva ananunua kifurushi cha mitandao ya kijamii, kikitumika nje ya hapo bando limeisha.

Zena_Deklareshen
Nyumba mbili hizo. Dereva anatuma picha WhatsApp, nani anaihamishia Zulip? Sisi ilikua kazi ya binti wa mapokezi, akiugua hakuna kinachohama.

kijana_wa_upanga
Ivi nje ya mada, bosi akikutumia meseji saa tano usiku na tiki zikawa bluu, kisheria ni lazima ujibu?

Bint_Mwembeladu
Zima tiki za bluu mdogo wangu ulale.

MzeeWaStoo
Enzi zetu bosi akitaka kukusumbua usiku alikua anatuma mtu. Aliogopa giza, tulilala.

Mzigo_Kurasini
Wakuu nashukuru, nimechapisha uzi wote nikampelekea bosi. Kasoma kisa cha mzee mara mbili. Akauliza admini wa magrupu yetu ni nani, tukakuta 9 kati ya 14 ni dada aliyeolewa akahamia Mwanza tangu mwaka juzi. Zulip kaipenda kwa kua haina dola, Teams kaipenda kwa kua kaisikia kwa shemeji yake. Hajaamua. Amefungua grupu la WhatsApp linaitwa KAMATI YA KUHAMA ili tujadili, sasa yako 15.

Chuma_Cha_Pua
Admini nani?

Mzigo_Kurasini
Mimi.

MzeeWaStoo
Usigombane nae posho.

Boda_ya_Namanga
@FundiSeva hiyo inveta ni ya wati ngapi na betri inakaa masaa mangapi? Dukani kwangu stima inapotea kila siku.