Vidole vya mama havisomeki, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ataipataje?

Kijana wa Newala:
Wakuu, naombeni msaada. Mama yangu amebangua korosho kwa mikono tangu usichana wake. Yale mafuta ya ganda yamemla ngozi, ncha za vidole hazina hata mstari. Jana alipokwenda kujiandikisha, mashine ya alama za vidole ilikataa vidole vyote kumi. Aliporudi hakusema kitu, akakaa barazani akivitazama viganja vyake. Imeniuma sana. Bila namba hata laini ya simu hawezi kusajili kwa jina lake. Afanyeje?

Mtu wa Tandahimba:
Pole ndugu yangu. Bibi yangu ilikuwa hivyohivyo. Apumzike kubangua wiki mbili tatu, usiku apake mafuta ya nazi, siku ya kwenda anawe maji ya uvuguvugu na ajikaushe vizuri. Kwa bibi kilisoma kidole gumba cha kushoto.

Dada wa Mikindani:
Na kagueni tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu kabla hajasaini! Namba ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Ikikosewa hapo, kurekebisha ni safari nyingine.

Kijana wa Newala:
Asanteni sana. Kuanzia leo korosho nabangua mimi.